Shajara ya mradi: sufuria la mtaa ndani ya faili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Naanza kuandika kwa sababu mdogo wangu ninayefanya naye kazi hii kila asubuhi ananiuliza, "Dada, juzi tulikubaliana nini?" nami kila asubuhi namjibu tofauti. Kikishaandikwa hatutabishana tena.

Kwa atakayesoma bila kutujua: tuna vifaa 24 vya kupima joto la maji, vimefungwa kwenye miamba kuanzia Kwale upande wa kaskazini mpaka Kigombe upande wa kusini. Mdogo wangu ndiye fundi wake, anaviunga katika chumba tulichopanga hapa Chumbageni, Tanga. Mimi naandika maktaba kwa lugha ya C, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia, nayo inahifadhi vipimo kwenye faili. Mjomba, nahodha wetu, hutupeleka kuvikusanya wakati wa bamvua, maji yakishakupwa na mwamba ukawa nje.

Kila kifaa kinapima kila dakika 10. Hivyo vipimo ni 144 kwa siku, baiti 4 kila kimoja, jumla baiti 576. Hiyo ndiyo data. Juu yake tunabandika metadata: jina la kituo, mahali kilipo, kizio cha joto, hali ya kifaa siku hiyo, na jedwali la masahihisho la kifaa husika, ambalo peke yake ni baiti 420. Gunia limekaribia uzito wa mchele.

Mwaka wa siku 365 kwa vifaa 24 unatoa seti 8,760, kila seti ikiwa siku moja ya kifaa kimoja. Jedwali la masahihisho likiandikwa mara zote hizo tunafika baiti 3,679,200, ilhali majedwali tofauti ni 24 tu. Hapo ndipo pa kupunguza.

Mdogo wangu kaniuliza kwa nini nisiweke mwaka mzima wa kifaa kimoja kwenye seti moja, jedwali likaandikwa mara moja, yakaisha. Swali zuri. Ila kifaa huharibika Februari, kikaletwa kingine chenye jedwali lake, na kilichotengenezwa kikapelekwa kituo kingine. Siku moja moja inabeba ukweli wake yenyewe. Nimelikataa wazo lake, lakini naliandika hapa ili asiseme sikumsikiliza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda na maelezo ya HDF5, umbo la faili la kuhifadhia data za kisayansi, lenye maktaba yake. Hatuitumii kwenye kifaa chenyewe kwa sababu kumbukumbu yake ni ndogo mno kwa maktaba kubwa kiasi kile, lakini faili za mwaka tunawapa watu kwa HDF5, na wazo la kushiriki metadata tumelichukua huko huko. Sioni haya kusema.

HDF5 ilitoka mwaka 1998. Tangu mwanzo ilikuwa na njia moja ya kushiriki: mtumiaji anaisajili aina ya data kwa jina, kisha seti nyingi zinaielekea. Hiyo inamtaka mwandishi wa programu ajue mapema nini kitajirudia. Toleo la 1.8 la mwaka 2008 likaleta njia ya pili, ambapo maktaba yenyewe inatambua kwamba ujumbe fulani (kipande kimoja cha metadata) ulioko kwenye kichwa cha kitu (sehemu ya seti inayobeba metadata yake) umeshaonekana kwingine, inauweka mara moja kwenye lundo la pamoja, na kwenye kichwa inabakiza rejea tu. Aina za ujumbe zinazoweza kushirikiwa ni tano: umbo la vipimo, aina ya data, thamani ya kujazia, mlolongo wa vichujio, na sifa. Mtu asipoiwasha, imezimwa.

Rejea ni baiti 10: toleo 1, aina 1, kitambulisho cha lundo 8. Kwenye fahirisi kila ujumbe ulioko lunduni una baiti 17: mahali ulipo 1, hashi (namba fupi inayokokotolewa kutoka kwenye baiti za ujumbe) 4, hesabu ya wanaoutumia 4, na kitambulisho 8. Nikazifuata hesabu hizo hizo. Majedwali 24 ni baiti 10,080, rejea 8,760 ni baiti 87,600, fahirisi ni 408. Jumla 98,088 badala ya milioni tatu na ushei. Nilimwonyesha mdogo wangu kabla ya futari, akasema atanipikia kaimati.

Huku Ngamiani ninakokaa, mtaa una sufuria moja kubwa la pilau la shughuli. Halipo kila nyumba. Linakaa kwa bibi mmoja, na daftari lake linasema limekwenda kwa nani. Lundo ni sufuria, fahirisi ni daftari. Mfano una kasoro yake, maana sufuria halipiki nyumba mbili kwa wakati mmoja, lakini mdogo wangu alielewa papo hapo.

Jumanne, 11 Machi

Tamaa. Nimeweka kizingiti sifuri, yaani kila ujumbe, hata uwe mdogo vipi, ushirikiwe. Faili la mwaka lilipungua kidogo tu, si kama nilivyotarajia, na kuandika kukawa kuzito. Faili la siku moja la kifaa kimoja likawa kubwa kuliko lilipokuwa halishirikishi chochote.

Sababu ilikuwa mbele ya macho yangu. Ujumbe wa aina ya data ya namba kamili ya biti 32 ni baiti 12. Rejea ni baiti 10. Kila ukishiriki unaokoa baiti 2, na ili uzipate unapiga hashi, unapekua fahirisi, unaongeza hesabu, unaandika upya. Hakuna anayevuka mtaa kuazima kijiko. Namba ya desimali ya biti 32 ina baiti 20, hapo walau unaokoa nusu, lakini bado ni kijiko, pengine upawa.

Kumbe ndiyo maana HDF5 inaweka kizingiti cha baiti 250 kama hujaamua mwenyewe. Siku ile ya kwanza niliiona namba hiyo nikaidharau, nikidhani ni woga wa wazee.

Kwa faili dogo la kifaa nimechukua jambo jingine kutoka kwao: ujumbe wa aina fulani ukitokea mara ya kwanza unaweza kubaki palepale kwenye kichwa cha kitu, fahirisi ikaandika tu kwamba uko huko. Ukitokea mara ya pili ndipo unahamishiwa lunduni. Faili la siku moja sasa halina lundo kabisa. Kizingiti chetu nimekiweka 128, kwa sababu maelezo ya vituo vyetu yako kati ya baiti 140 na 200 na sikutaka yaachwe nje. Namba hii ni ya data yetu, asije mtu akaichukua kama dawa.

Jumanne, 18 Machi

Jumapili tulikwenda na Mjomba. Maji yalikupwa vizuri, tukavifikia vifaa vyote vya kusini. Kile cha Kigombe tumekihamisha mwamba, kwa sababu nyavu zilikuwa zinakikwangua. Nilirudi nimeungua shingo.

Leo nimefungua faili la majaribio la mwaka, na badala ya majedwali 24 lunduni nimekuta mamia. Nikahesabu tena. Mamia. Kushiriki hakushiriki.

Nilichukua majedwali mawili ya kifaa kimoja, siku mbili zinazofuatana, nikayalinganisha baiti kwa baiti. Namba zote za masahihisho ni zile zile. Tofauti ilikuwa kwenye jina la fundi: sehemu ya baiti 32, jina lina herufi chache, likifuatiwa na sifuri ya kufunga, na baada ya hapo takataka. Chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya kifaa saa hiyo kiliandikwa nacho. Binadamu anasoma jina lile lile, hashi inaona vitu viwili tofauti. Mahali pengine kulikuwa na nafasi tupu za baiti 2 katikati ya muundo wa C, ambazo kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, huziacha ili namba zikae sawa, nazo zilikuwa na taka zake.

Basi kabla ya kupiga hashi, ujumbe sasa unaandikwa upya kwa namna moja tu inayoruhusiwa: mpangilio wa baiti mmoja, nafasi tupu zote sifuri, maandishi yakikatwa kwenye sifuri ya kufunga na mabaki yakifutwa. Thamani ya "hakuna kipimo" nayo ina namna moja, maana kwenye namba za desimali kuna michoro mingi ya biti inayomaanisha "si namba", na vifaa vyetu vilikuwa vinatumia miwili.

Baada ya hapo: 24. Nilipiga makofi peke yangu chumbani, jirani akagonga ukuta.

Ijumaa, 21 Machi

Fupi, kwa sababu nina aibu. Nilikuwa nalinganisha hashi tu. Hashi zikilingana nilichukulia ujumbe ni mmoja. Hashi yetu ni ya biti 32, lookup3 ya Bob Jenkins, ile ile HDF5 inayoitumia. Thamani zinazowezekana ni bilioni 4 na kidogo, nikajiambia yatosha.

Haitoshi. Kinachohesabiwa si nafasi ya ujumbe mmoja kugongana na mwingine mmoja, ni jozi zote. Hali ya kifaa (volti za betri, mara ngapi kimejiwasha upya, saa ya mwisho) ni tofauti kila siku, kwa hiyo faili la mwaka lina ujumbe tofauti unaokaribia 9,000. Jozi ni zaidi ya milioni 38. Ukigawa kwa bilioni 4 na kidogo unapata karibu nafasi 1 kati ya 100 kwamba ndani ya faili moja, siku fulani ya kifaa fulani itabeba maelezo ya siku nyingine, kimya kimya. Faili 100 za hivyo, moja ina uongo.

Sasa hashi zikilingana tunalinganisha baiti zote. Kulipima hilo bila kungoja miaka, nimeifunga hashi ya majaribio kwenye biti 8, thamani 256 tu, migongano ikawa kama Barabara ya 12 saa ya soko. Vipimo vyote vimepita.

Alhamisi, 27 Machi

Siku mbaya kuliko zote, na aliyeigundua ni Mjomba.

Alikuja baada ya swala ya alasiri kuulizia mafuta ya safari ijayo. Kwenye skrini kulikuwa na ramani ya vituo kwa mwezi wa Januari. Akaitazama, akaweka kidole kwenye Kigombe.

"Mwanangu, hapa mwezi wa kwanza sikukupeleka."

"Hapo ndipo kifaa kilipo, Mjomba."

"Kilipo sasa. Mwezi wa kwanza kilikuwa mwamba ule wa ndani. Nilikifunga mimi."

Kweli. Jumapili ile tulipokihamisha niliingiza mahali papya kuanzia siku hiyo. Maelezo ya kituo yalikuwa ujumbe wa pamoja, seti zote za Kigombe zikiuelekea. Maktaba yangu ilipoambiwa ibadilishe sifa ya seti moja, ilikwenda lunduni ikabadilisha ujumbe wenyewe. Kwa mkupuo mmoja, kila siku iliyopita ya Kigombe ikahamia mwamba mpya. Hakuna kosa lililotolewa, hakuna kipimo kilichoanguka. Faili lilikuwa safi kabisa na lilikuwa linadanganya.

Bibi wa sufuria asingelitoboa ili lifae nyumba moja.

Kanuni tuliyoandika ukutani kwa kalamu nene: ujumbe ulioko lunduni haubadilishwi kamwe. Anayetaka kubadilisha anatoa nakala, anabadilisha nakala, anaitafuta nakala hiyo kwenye fahirisi (huenda ipo tayari), anaishika, kisha anaachia ule wa zamani. Ukiachiwa na wa mwisho, hesabu ikafika sifuri, ndipo unafutwa.

Na mpangilio huo una maana. Mara ya kwanza niliandika kuachia kwanza, kushika baadaye. Ikatokea mtu ameandika thamani ile ile iliyokuwepo, kwenye ujumbe wenye mtumiaji mmoja: hesabu ikashuka sifuri, ujumbe ukafutwa, kisha tukaenda kuushika usiokuwepo. Shika kwanza, achia baadaye.

Nimerudisha faili za Kigombe kutoka kwenye flashi ya tarehe 15. Mjomba nimemwambia jina lake litakaa kwenye orodha ya waliorekebisha maktaba. Akauliza orodha hiyo inalipa mafuta?

Jumatano, 2 Aprili

Idd ilikuwa Jumatatu, sikugusa kompyuta. Leo nusu siku.

Fahirisi yetu ilikuwa orodha wazi, unaipekua kutoka juu mpaka chini. Kwa majedwali 24 haina tatizo. Kwa ujumbe 9,000 wa hali ya kifaa ni mateso. HDF5 inaanza na orodha na kugeukia mti-B, yaani fahirisi yenye matawi inayopekuliwa haraka, ikizidi 50, na inarudi kuwa orodha ikishuka chini ya 40. Niliona namba mbili nikaona ni urasimu, nikatumia moja, 32. Kipimo kilichoongeza na kufuta ujumbe mmoja pale pale mpakani kikaifanya maktaba ijenge mti na kuubomoa kila hatua, kama mtu anayeanua nguo kwa kila wingu la masika. Sasa tunazo 50 na 40, na nimeacha kuwadharau wazee.

Ila dawa hasa ilikuwa kutouweka ujumbe huo kwenye fahirisi tangu mwanzo. Kitu ambacho hakijirudii hakina sababu ya kutafutiwa pacha. HDF5 inaruhusu fahirisi mpaka 8, kila moja na aina zake za ujumbe na kizingiti chake, lakini sifa zote kwake ni aina moja. Huwezi kusema sifa hii ndiyo, ile hapana. Sisi tumeongeza alama ya biti moja kwenye sifa: usishiriki. Kifaa kinaiweka kwenye hali yake. Fahirisi ya mwaka imerudi kuwa fupi, na mti-B nilioujenga kwa siku tatu hautumiki kwenye faili zetu hata moja. Nimeuacha, umenigharimu daku mbili.

Alhamisi, 10 Aprili

Umeme ulikatika mara mbili jana usiku, na betri ya laptopu yangu ni ya jina tu. Nikaamua kuugeuza kuwa jaribio: nini kinabaki kwenye diski ukikatika katikati ya kuandika?

Kuna hatua tatu: kuweka ujumbe lunduni, kuandika fahirisi, kuandika rejea kwenye kichwa cha kitu. Ukianza na kichwa na umeme ukakatika, una rejea inayoelekea hewani, na seti hiyo haisomeki. Ukianza na lundo, una ujumbe usio na mwenyewe, umepoteza baiti 420. Nimechagua hasara ya pili bila kufikiri mara mbili. Vivyo hivyo kwa hesabu: wakati wa kushika inaongezwa kabla ya kichwa kuandikwa, wakati wa kuachia inapunguzwa baada. Hesabu ikizidi ukweli, nafasi inapotea. Ikipungua, kuna siku ujumbe utafutwa mtu bado anautumia.

Mdogo wangu ameandika programu ndogo ya ukaguzi. Inapita vichwa vyote vya faili, inahesabu upya nani anautumia ujumbe upi, inalinganisha na fahirisi, na kuchapisha tofauti. Ndiyo programu bora iliyomo kwenye mradi huu, na ina mistari isiyofika 200. Tumeiendesha kwenye faili zote zilizopita tarehe 27 Machi. Tano zilikuwa na hesabu iliyozidi. Iliyopungua haikuwepo.

Jumanne, 15 Aprili

Faili za zamani hazishiriki chochote, na hatuwezi kuwasha baadaye: jedwali la fahirisi linatajwa mwanzoni mwa faili linapozaliwa. HDF5 nayo iko hivyo, chaguo hili linawekwa wakati wa kuunda faili. Kwao kuna h5repack ya kuandika faili upya, na h5stat inayokuonyesha baiti ngapi zimekwenda kwenye ujumbe wa pamoja. Sisi tumeandika ya kwetu, inasoma seti moja moja na kuipeleka kwenye faili jipya.

Hapo nikakumbushwa kwamba kushiriki kunaishia ukingoni mwa faili. Seti ikinakiliwa kwenda faili jingine, rejea yake haina maana huko. Lazima ujumbe wenyewe uende, ukatafutwe kwenye fahirisi ya mwenyeji, uhesabiwe upya. Toleo la kwanza la mdogo wangu lilinakili rejea zilivyo. Seti za Sahare zikasoma masahihisho ya Tongoni. Hakusubiri nimwambie, alikwenda mwenyewe ukutani akaandika mstari wa pili chini ya ule wangu.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua toka alfajiri. Mjomba kasema hatoki, bahari imechafuka, bamvua hii itupite. Nikamalizia faili la mwaka.

Ukaguzi: seti 8,760, hesabu zote sahihi, hakuna ujumbe yatima. Majedwali ya masahihisho lunduni: 24. Maelezo ya vituo nilitarajia 25, yaani vituo 24 na ile hama ya Kigombe. Nimepata 26.

Nilianza kwa kuishuku hashi, nikaishuku namna ya kuandika, nikapoteza saa mbili. Mdogo wangu akayachapisha yote 26 kwenye karatasi, akayapanga sakafuni, akanyanyua mawili. Yote Tongoni, mahali pale pale, kina kile kile. Moja lina nafasi tupu baada ya herufi ya mwisho ya jina. Niliandika mimi, tarehe 16 Machi, kwenye mashua, vidole vimelowa.

Akauliza kama maktaba ifundishwe kukata nafasi za mwisho wa maneno. Nimekataa. Takataka baada ya sifuri ya kufunga si maandishi, ni uchafu wa kumbukumbu. Nafasi niliyoipiga mwenyewe ni maandishi, na si kazi ya maktaba kukisia nilikusudia nini. Nimesahihisha kwenye daftari la vituo, nikaandika seti zile upya, nikaendesha ukaguzi tena.

25.